Motakaa Iliyotutoa Ndia Kuu

Baba alipofariki alituachia nyumba ya mawe karibu na Ndia Kuu, shamba la minazi ng'ambo ya Likoni, na mikokoteni ya kubebea mizigo baina ya bandari na mji. Shamba lilikuwa na msimamizi aliyekuja kila baada ya mwangusho wa nazi kuonana na mama. Nyumba tuliikaa sisi wenyewe. Mikokoteni ikawa kazi ya kakangu. Mimi wakati ule nilikuwa nimerudi kwetu, mume wangu amekufa kwa homa kabla hatujajaaliwa mtoto, na mchana kutwa nilikaa na mama darini nikishona kofia. Tulikuwa watatu basi, na katika watatu hao nimebaki mimi peke yangu wa kueleza namna tulivyotoka katika nyumba ile.

Zama zile, miaka michache kabla ya vita vya Mjerumani, abiria akiteremka Kilindini hakuwa na namna ya kufika mjini ila kwa miguu, au kwa vigari vidogo vilivyosukumwa na watu juu ya reli nyembamba. Wenye vyeo walikuwa na vigari vyao wenyewe na wasukumaji waliovalishwa kanzu za sare. Wengine walingoja. Kakangu aliwaona kila meli ilipoingia, mabibi wa Kihindi na wana wao wamekaa juu ya masanduku, jua likiwawakia au mvua ikiwanyeshea, na yeye mikokoteni yake haikuwa ya kupakia watu. Motakaa zilikuwa zimeanza kuonekana kisiwani, chache, zote za Wazungu. Alikuwa akizifuata kwa macho hadi zipotee, kisha akija nyumbani azisimulie kama mtu aliyetoka harusini.

Tulikuwa na mkoi wetu, mtoto wa shangazi, aliyefanya kazi ya kuchochea moto katika meli za Bara Hindi. Ndiye aliyemtia kakangu neno lile. Alimwambia kwamba Bombay matajiri hununua motakaa, wakazipanda miaka miwili mitatu, ikitokea ya namna nyingine wakaiuza ile ya kwanza kwa bei ya kutupa. "Wao huchoka nazo kabla zenyewe hazijachoka," alisema, na kakangu akawa hana mazungumzo mengine tena. Asubuhi alilisema hilo, na jioni akalisema tena. Alikuwa ameshapiga hesabu yote kichwani: bei ya kule, nauli ya meli, na ushuru wa forodhani, ambao aliuhesabu juu ya ile bei atakayonunulia. Nani angehesabu vingine?

Mama alimuuliza, "Na ikiharibika?"

"Nitaitengeneza, mama."

"Wewe wajua kutengeneza motakaa?"

"Nitajifunza huko huko. Sitarudi mpaka nijue."

Mama hakuwa mtu wa kubishana. Alikaa na jambo lile siku nyingi, akaswali, akataka shauri kwa ami yetu, naye ami akasema kijana hajawahi kumuomba mzazi wake chochote, na maneno hayo yalikuwa ya kweli. Shamba la Likoni likauzwa. Mimi nilitoa bangili zangu za harusi. Sikuombwa na mtu. Nilizivua, nikazifunga katika leso, nikampa, na niliona raha kufanya hivyo kwa sababu tangu nifiwe nilikuwa nikijiona mgeni katika nyumba ya watu, na sasa nilikuwa na fungu langu katika jambo lao.

Alikwenda Bombay akakaa msimu mzima wa upepo wa kusi. Aliporudi alikuwa amekonda, na mafuta meusi yalikuwa yamemwingia chini ya kucha yasitoke kwa sabuni wala kwa ndimu. Alikuwa ameinunua. Muuzaji alikuwa Parsi mmoja mzee, Mhindi wa asili ya Uajemi, mwenye viwanda, na dereva wa mzee huyo ndiye aliyemfundisha kuiendesha na kuifungua na kuifunga. Motakaa yenyewe ingekuja nyuma yake, katika kasha, kwa meli ya mizigo, maana meli aliyosafiria yeye haikuwa na nafasi.

Siku ile aliyofika alichukua kiti kifupi akakiweka katikati ya ukumbi, akamwomba mama sinia, akaishika kwa mikono miwili, akaniamuru mimi nikae nyuma yake juu ya mkeka. Akatuonyesha namna ya kupinda kona ya forodhani na namna ya kusimama ng'ombe akikatiza njia. Mama alicheka hadi akashika kiuno. Alimuuliza kama katika motakaa hiyo mna mahali pa mzee kama yeye, naye akamjibu, "Wewe ndiwe abiria wa kwanza. Utakwenda kuiona bahari upande wa mnara, na hutoshuka mpaka utake mwenyewe."

Meli ikaingia. Kakangu alitoka na alfajiri kwenda Kilindini akakaa huko mchana kutwa. Alirudi magharibi, akaketi barazani bila kuingia ndani. Nilimpelekea maji nikamuuliza kulikoni.

"Imeteremsha mizigo yake ikaondoka," alisema. "Kasha halikuteremshwa."

Karani wa wakala wa meli alikuwa amemweleza kwamba kasha lilipakiwa chini kabisa, na juu yake mna magunia ya mchele uliokuwa ukienda Unguja. Kulitoa hapa kungetaka kuteremsha magunia yote katika matishari, zile mashua za kupakulia, na kuyapakia tena, na nahodha hakukubali kupoteza wakati. Basi kasha lilipita mbele ya mlango wetu likaenda Unguja. Litarudi kwa chombo kingine. Na nauli ya kurudi je? Karani akamwonyesha mahali katika hati ya shehena palipoandikwa, kwa herufi ndogo ndogo, kwamba hilo ni juu ya mwenye mzigo.

Wiki zilipita. Kasha lilipofika hatimaye, forodha wakamwita, na mama akataka niende naye. Alisema yeye mwenyewe hawezi mwendo ule, lakini anataka mtu wa pili asikie kwa masikio yake yatakayosemwa. Nikavaa buibui nikafuatana na kakangu. Ndiyo mara yangu ya kwanza kuiona motakaa yetu. Mbao za upande mmoja wa kasha zilikuwa zimefunguliwa kwa ukaguzi, na ndani yake nikaona gurudumu, taa moja ya shaba iliyopoteza mng'ao, na kiti cha ngozi nyekundu kilichochanika pembeni. Ilikuwa nzuri. Ilionekana kama kitu kilichokwisha kuishi na watu.

Afisa wa Kizungu alikuwa mtu mzima, mwenye adabu, aliyetuletea hata mimi kiti. Hakujua Kiswahili cha kutosha, kwa hiyo karani wake, Mhindi wa Goa, alisema baina yetu.

"Bwana asema hivi," karani alianza. "Motakaa ya namna hii ina bei yake huko Ulaya ilikotengenezwa, na bei hiyo yajulikana. Ushuru watozwa juu ya bei ile, na juu ya nauli yote iliyolipwa mpaka kufika hapa."

"Lakini mimi sikununua mpya," kakangu alisema. "Mwambie atazame kile kiti. Atazame mipira. Watu wameipanda miaka."

"Ameshatazama."

"Na stakabadhi ya muuzaji?"

"Ameisoma. Asema mtu aweza kuandikiwa na muuzaji bei yoyote aitakayo. Akikubali yako atakubali na za wengine wote."

Kakangu akauliza, "Aniambia mimi mwongo?"

Karani akamuuliza bwana wake, bwana akatikisa kichwa akasema maneno machache kwa sauti ya upole. "Asema hapana, hakuiti mwongo. Asema hana namna ya kukutenga wewe na mwongo, kwa hivyo mwalipa sawasawa."

"Na nauli ya Unguja? Ile si kosa langu."

"Nauli ni nauli."

Nilikuwa nikimwangalia kakangu mikono yake. Alikuwa ameiweka juu ya magoti, na vidole vilikuwa vikijipinda kidogo kidogo kama vinavyoshika kitu cha duara. Kiasi alichotajiwa kilikuwa karibu na kile alichomlipa Parsi kwa motakaa nzima. Akaomba apewe kwanza motakaa, aifanyie kazi, alipe kidogo kidogo kila mwezi, na nyumba yetu iwe dhamana. Jibu likawa kwamba hakuna kitu kinachotoka ghalani kabla ya ushuru wake. Akaomba airudishe Bombay. Hilo karani alilichangamkia, akasema likirudi halina ushuru kabisa. Lakini nauli ya kurudi hulipwa kabla ya kupakiwa, na kodi ya ghala hulipwa kabla ya nauli. Kodi ya ghala ilikuwa ikihesabiwa tangu siku kasha lilipoteremshwa.

Tulirudi kwa miguu. Njiani alisema mara moja tu. Alisema, "Haiwezi kulipa mpaka itoke, wala haiwezi kutoka mpaka ilipe." Hakuwa akiniambia mimi.

Baada ya hapo maisha yetu yakawa ni ghala lile. Jamaa walikuja, wakaketi barazani, wakanywa kahawa, wakatoa rai. Mmoja alisema aandikiwe mtu Bombay amsihi Parsi aichukue, mwingine akashauri kasha liachwe lipigwe mnada, kisha kakangu mwenyewe ainunue mnadani kwa bei rahisi. Shauri hilo lilimpa matumaini kwa siku chache, hadi karani alipomweleza kuwa mnadani haiuzwi chini ya ushuru na kodi, na kwamba yuko Mzungu mmoja mwenye fedha taslimu aliyekwisha kuulizia habari zake. Kila mlango aliokwenda ulikuwa na mtu mwungwana nyuma yake, na kila mwungwana alikuwa na kanuni yake. Natamani angekuwako mmoja wa kumchukia. Kakangu angepata wa kumlaumu asiyekuwa nafsi yake.

Ili motakaa isiende mnadani, ilibidi kodi ya ghala ilipwe. Akaanza kuuza mikokoteni. Ilikwenda mmoja mmoja, na kila mkokoteni uliokwenda ulikwenda na mahamali wake. Mmoja wao alikuwa mtu wa bara, Mkristo, aliyefanya kazi na baba tangu reli ilipokuwa ikijengwa. Alikuja kumuaga mama. Alisimama chini uani, mama yuko juu dirishani, na hawakuonana uso kwa uso kwa sababu ya stara.

"Mama, nasikitika," alisema.

"Nimeshukuru, baba," mama alimjibu. "Umekula nasi vizuri."

"Nitakuwa hapa hapa bandarini. Wakiigusa ile motakaa nitakuja kuwaambia."

Ni yeye aliyekuja siku masika yalipoanza kutuambia kwamba ghala limejaa shehena ya reli, na makasha yaliyokaa muda mrefu yametolewa nje. Letu lilikuwa uwanjani chini ya turubai. Kakangu alikimbia. Aliporudi nguo zimemganda mwilini alisema turubai halifiki upande ule uliofunguliwa, na mbao zilizofunguliwa hazikupigiliwa tena. Alikuwa ameomba aingie azipigilie yeye mwenyewe, akaambiwa haruhusiwi kugusa mzigo ambao haujalipiwa. Aliwapa mkeka wakafunika nao upande ule. Usiku ule na siku zilizofuata mvua haikukatika. Alikuwa akisimama dirishani akiitazama ikishuka juu ya mapaa, na sisi tukawa tunaogopa kumsemesha.

Mama ndiye aliyekata shauri. Ilikuwa baada ya sala ya alasiri, bado yuko juu ya msala. Alituita sote wawili.

"Uzeni nyumba," alisema.

Kakangu alisema, "La, mama."

"Nisikize. Nimekaa humu tangu nilipoletwa bibi harusi. Kila jiwe lake nalijua. Lakini wewe wanikufia mbele ya macho yangu, na mimi sitaki mawe, nataka mwanangu. Toa kitu chako. Ufanye kazi. Mungu akijaalia utanunua nyingine."

Kisha akanigeukia mimi, maana katika nyumba nilikuwa na fungu la mirathi, na bila kauli yangu haikuuzika. "Wewe wasemaje?"

Nilisema niko radhi. Nilikuwa radhi kweli. Nilidhani mambo yana mwisho, na kwamba mtu akishatoa kila alicho nacho hatodaiwa zaidi.

Nyumba ilinunuliwa na mfanyabiashara jirani aliyekuwa akitaka kuiunganisha na ghala lake. Tukapanga nyumba ya udongo Majengo, vyumba viwili na ua. Tulihama kwa mikokoteni ya kukodi, na mama alikwenda kwa miguu akishikwa mkono na mimi, amefunika uso wote. Mlango wetu wa nakshi tuliuacha pale pale. Wiki ile ile kakangu akalipa ushuru, akalipa kodi ya ghala na nauli ya Unguja, akakabidhiwa motakaa yake.

Haikuwaka. Aliijaza mafuta ya makopo, ambayo nayo yalikuwa yametozwa ushuru, akauzungusha mpini wake wa mbele hadi ngozi ya viganja ikambanduka. Chuma cha ndani kilikuwa kimeshikana kwa kutu. Mwishowe mahamali wa zamani wakaja na kamba, wakaifunga mbele, wengine wakaisukuma nyuma, na hivyo ndivyo ilivyoingia mjini. Mimi na mama tulikuwa mlangoni tuliposikia watu wanakuja. Nilikuwa nimetarajia vicheko, kwa sababu watu wa Mombasa hawanyimani kicheko. Hapakuwa na aliyecheka. Walikuwa wakiisukuma kimya kimya kama wanaopeleka jeneza, na kakangu yuko juu ya kiti chekundu ameshika usukani, kwa kuwa lazima awepo mtu wa kuipinda kwenye kona.

Aliletwa fundi kutoka karakana ya reli. Aliifungua, akapanga vyuma juu ya gunia uani, akavitazama, akanawa mikono. Akasema baadhi ya vyuma vimeliwa na havina dawa. Viagizwe Ulaya. Mipira pia imepasuka.

Kakangu aliuliza, "Na hivyo vyuma, vikija, vina ushuru?"

"Kila kinachoteremka kina ushuru, bwana," fundi alijibu, si kwa ubaya.

Kakangu akaitikia kwa kichwa; fedha ya nyumba ilikuwa imekwisha. Tangu hapo hakuisema tena motakaa mbele yetu, ila kila asubuhi aliifuta vumbi. Aling'arisha ile taa ya shaba. Kuku wa jirani walikuwa wakitagia chini ya kiti, naye alikuwa akiyatoa mayai taratibu akiwarudishia wenyewe. Mama alikuwa amelala ndani na kifua, na ukuta wa chumba chake ulitoa unyevu ambao nyumba ya mawe haikuwa nao. Siku moja aliniambia nimsaidie kuketi. Alimtazama kakangu kupitia dirisha, yuko uani anafuta, kisha akasema nimlaze tena. Hakunipa sababu. Alifariki kabla ya mfungo wa Ramadhani, na wakati wa kumtoa ilibidi wanaume waisogeze motakaa kwanza, kwa kuwa ilikuwa imeziba njia ya ua na jeneza halikuweza kupita.

Baada ya arubaini kakangu aliiuza vipande vipande. Vyuma vilichukuliwa na wahunzi. Kile kiti chekundu alikinunua fundi wa viatu wa mtaa wetu, na kwa muda mrefu nikawa naona watu wamevaa makubadhi ya ngozi ile wakipita mlangoni. Yeye akapata kazi ya kubeba magunia katika matishari, pamoja na vijana waliokuwa nusu ya umri wake. Alikuwa akirudi jioni, anaoga, anakula, analala. Nikimuuliza neno alijibu vizuri. Hakuwa na hasira nami wala na mtu yeyote. Ningependa angekuwa nayo.

Kisha vita vikaja, na jeshi likateremsha Kilindini motakaa kwa makumi, kubwa kubwa za mizigo, zilizopita kutoka bandarini moja kwa moja kwenda stesheni. Walitaka watu wanaojua kuziendesha, nao walikuwa wachache. Kakangu alikuja akaniambia amejiandikisha, anakwenda upande wa Voi na kuendelea.

"Kwa nini?" nilimuuliza. "Hivi si vita vyetu."

"Wana motakaa," alisema. "Wanatafuta anayejua."

"Na mimi?"

Alinitazama muda, na nikaona kuwa hakuwa amenifikiria, na kwamba hapo tu ndipo aliponifikiria, na hilo lilimuumiza. "Utashona kofia zako," alisema. "Nitakuletea kitu kila mwezi." Alileta mara chache, kwa mikono ya watu waliokuwa wakirudi wagonjwa. Halafu hakikuletwa tena.

Vita vilipokwisha niliulizia kwa kila niliyeweza. Mmoja alisema alimwona Taveta, ana homa, anaendesha hivyo hivyo. Mwingine alisema alikufa kwa tumbo la kuhara kambini, mbali zaidi, na kuzikwa na wengine katika shimo moja. Mwingine akaapa kuwa alivuka mpaka akiwa mzima na ameoa huko. Nilikwenda kwa sheikh wa msikiti wetu nikamwomba amswalie sala ya ghaibu, anayoswaliwa maiti asiyekuwapo. Alinisikiliza kwa upole. Akaniuliza, "Una yakini amekufa?"

Nikasema sina.

Akasema basi haiswaliwi bado, tumuombee dua tu, na nikipata habari ya hakika nirudi.